Ukocha msaidizi wa tenisi vyuoni Marekani hauanzi siku ya mahafali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Tangu Angella Okutoyi wa Kenya ajiunge na Chuo Kikuu cha Auburn mwaka 2023, tenisi ya vyuo vya Marekani imeanza kuandikwa kwetu, na wazazi wengi sasa wanaulizia ufadhili. Ni jambo jema. Ila habari zenyewe huishia pale pale: mtoto kapata chuo, kapanda ndege, basi. Miaka minne ikishapita atafanya nini, hatuambiwi. Tenisi ya kulipwa itawachukua wachache mno. Kwa waliobaki, kazi iliyo karibu nao kuliko zote ni ukocha msaidizi wa timu ya chuo, na wengi huikosa kwa sababu huanza kuiulizia wakiwa tayari wamevaa joho.

Kwanza kazi yenyewe. Pambano la timu mbili katika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, lina pointi 7. Huanza michezo mitatu ya wawili wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja seti moja ya gemu 6, na timu inayoshinda miwili kati ya hiyo hupata pointi 1. Kisha hufuata michezo sita ya mmoja mmoja, kila mmoja pointi 1, na timu inayotangulia kufika 4 ndiyo mshindi. Gemu ikifika dyusi (40-40), pointi moja tu inaamua, na anayepokea ndiye anayechagua upande wa kupokelea. Makocha wanaruhusiwa kusema na mchezaji kati ya pointi na pointi. Viwanja ni sita na makocha ni wawili au watatu, kwa hiyo msaidizi hukabidhiwa viwanja viwili au vitatu, mara nyingi vile vya wachezaji wa chini kwa uwezo, namba 4 hadi 6.

Hapo ndipo wageni wa kazi hii hukosea. Mchezo uko 4-4, naye anaanza kumrekebisha kijana mshiko wa fohendi. Mshiko ni kazi ya mazoezi ya Oktoba. Katika pambano, neno moja linatosha: sevu ya pili ielekee mwilini, au usimpe tena bekhendi. Kosa la pili ni kusimama muda wote kwenye uwanja unaopotea kwa sababu mchezaji wa pale ndiye anayelalamika zaidi. Msaidizi mzuri hupiga hesabu ya pointi za timu. Kama mnaongoza 3-2 na viwanja vilivyobaki ni viwili, anasimama penye nafasi kubwa zaidi ya kushinda, hata kama mchezaji wa pale hajamwita.

Kati ya wawili wawili na mmoja mmoja kuna kazi ndogo ambayo hakuna anayeiona mpaka isahaulike: vijiti vya wavu. Wavu ulioshikwa na nguzo za uwanja wa wawili wawili hulegea kuelekea katikati, hivyo kwenye mstari wa pembeni wa mmoja mmoja unakuwa chini kuliko inavyotakiwa. Kijiti kimoja kinasimamishwa kila upande, sentimita 91.4 nje ya mstari huo, ili wavu ufike mita 1.07 pale. Katikati unabaki sentimita 91.4. Ukivisahau, anayepiga mpira wa kufuata mstari amepewa zawadi, na kocha wa upande wa pili akigundua katikati ya seti utajua umefanya nini. Ile hila ya zamani ya kupima katikati kwa kusimamisha raketi moja na kulaza nyingine juu yake iacheni. Vichwa vya raketi za leo ni vipana zaidi. Tumia futi.

Kamba nazo ni sura nyingine ya kazi. Timu hununua kamba za polista kwa roli la mita 200. Raketi moja hula takriban mita 12, kwa hiyo roli linatoa raketi 16, na ukikata kwa uzembe zinakuwa 15. Kamba kuukuu hukatwa kuanzia katikati, zote kwa mara moja. Ukizikata moja moja kutoka pembeni fremu inavutwa visivyo sawa na inaweza kupinda. Kagua plastiki za matundu, kwani iliyoliwa itakata kamba mpya siku ya kwanza. Fremu ikishabanwa kwenye mashine, vuta za wima kwanza, ukipishana kulia na kushoto, usiache upande mmoja uutangulie mwingine kwa zaidi ya kamba mbili. Za kukingama fremu nyingi hutaka zishuke kutoka kichwani kwenda shingoni. Zipitishe taratibu, kwa sababu polista ikisuguana kwa kasi inachimba vifereji kwenye kamba za wima, na papo hapo ndipo itakapokatika. Kabla ya fundo la mwisho hesabu upishanaji mstari kwa mstari. Ukikosea mmoja juu kabisa, hakuna dawa ila kufumua.

Fundi mzoefu humaliza raketi moja kwa dakika 30 hadi 40. Anayeanza anatumia saa nzima na zaidi. Kila raketi ibandikwe karatasi shingoni yenye tarehe na pauni (nguvu iliyovutiwa kamba), kwa kuwa polista hulegea hata isipokatika, na mchezaji ataanza kurusha mipira nje akidhani mkono umemharibikia. Ikiwa timu inatoka ukumbini Februari kwenda kucheza nje kwenye baridi, wengi hushusha pauni 2 ili mpira usife kwenye kamba. Mchezaji anayejua kazi hii angali mwanafunzi anapendwa na kocha mkuu yeyote.

Usajili ndio unaompandisha msaidizi cheo. Yeye ndiye msomaji wa kwanza wa barua pepe za vijana. Katika Divisheni ya Kwanza, mazungumzo ya usajili hufunguliwa tarehe 15 Juni baada ya darasa la 10, na ziara za chuoni kuanzia tarehe 1 Agosti kabla ya darasa la 11. Kabla ya hapo kijana anaweza kuandika atakavyo, ila kocha hawezi kumjibu kwa habari za usajili. Msaidizi hutunza jedwali: jina, mwaka wa kumaliza shule, alama za masomo, UTR (kipimo cha uwezo wa mchezaji, cha 1 hadi 16.5, cha juu ndicho bora), WTN (kipimo kingine cha uwezo, huanzia 40 kushuka hadi 1, cha chini ndicho bora), na tarehe ya kila mawasiliano. Anayechanganya vipimo hivi viwili hawezi kukaa kwenye kiti hicho wiki mbili. Kuhusu video, vipande vya mipira mizuri tu havisaidii. Kinachotakiwa ni gemu nzima bila kukatwa, kamera ikiwa juu nyuma ya uwanja, ili ionekane kijana anafanya nini baada ya kupoteza pointi tatu mfululizo.

Kuna pia daftari la saa. Msimu ukiendelea, wachezaji hawaruhusiwi kuzidi saa 20 za mazoezi na mashindano kwa wiki, saa 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Siku ya pambano huhesabiwa saa 3 hata likichukua tano. Nje ya msimu ni saa 8 kwa wiki. Mtego uko kwenye mazoezi yanayoitwa ya hiari: kocha akiyasimamia, au akipelekewa taarifa ya nani amekuja, hayo si ya hiari tena na saa zake zinahesabiwa. Anayejaza daftari ni msaidizi, na likikutwa limejazwa siku moja kwa mwezi mzima, jina litakaloulizwa ni lake.

Njia ya kuingia? Iliyo wazi zaidi ni nafasi ya kocha msaidizi anayesoma shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka miwili: chuo kinalipa au kinapunguza ada na kutoa posho kidogo, wewe unasoma na kufundisha. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya kazi ya NCAA na ile ya ITA, chama cha tenisi ya vyuo, na nyingi hujitokeza kuanzia Mei, msimu wa timu unapoisha. Zamani wengi waliingia kama makocha wa kujitolea, lakini Divisheni ya Kwanza ilikifuta cheo hicho mwaka 2023. Kwa maoni yangu, ni heri msaidizi pekee katika chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu, anayeshika timu ya wanaume na ya wanawake, kuliko kuwa mtu wa tatu katika chuo chenye jina. Yule wa kwanza baada ya mwaka atakuwa amepanga safari, bajeti na orodha ya wachezaji. Yule wa tatu atakuwa amerusha mipira ya mazoezi.

Kwa mtoto wa kwetu kuna ukuta mwingine, viza. Aliyemaliza shahada akiwa na viza ya mwanafunzi, F-1, anaweza kuomba ruhusa ya kazi iitwayo OPT, miezi 12, kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza hadi siku 60 baada ya hapo. Kazi lazima ihusiane na alichosomea. Aliyesoma baiolojia hawezi kuitumia vizuri kufundisha tenisi. Aliyesoma sayansi ya michezo au uongozi wa michezo anaweza. Uamuzi huo wa fani unafanywa mwaka wa pili wa chuo, wakati hakuna anayewaza ukocha. Ajira iwe ya angalau saa 20 kwa wiki, na siku zote za kukaa bila kazi zisizidi 90. Baada ya hapo kuna viza ya kazi, H-1B, ambayo vyuo vikuu huiomba bila kupitia bahati nasibu inayowakuta waajiri wengine. Lakini hapo tangazo la kazi lililoandikwa “shahada yoyote” linaweza kuua ombi, kwa kuwa viza hiyo inataka kazi inayohitaji fani maalumu.

Na tusifiche upepo unakovuma. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya mwogeleaji Grant House dhidi ya NCAA. Vyuo vilivyojiunga nayo sasa vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na ukomo wa ufadhili (4.5 kwa tenisi ya wanaume, 8 kwa wanawake) umebadilishwa na ukomo wa wachezaji 10 kwa timu. Chuo chenye fedha kinaweza kufadhili wote kumi. Kisicho nazo kinaelekeza fedha kwenye futiboli ya Kimarekani, na tenisi ni miongoni mwa michezo inayofutwa mapema.

Kwa hiyo anayeitwa kwenye usaili naye aulize. Ufadhili ni wa wachezaji wangapi mwaka huu, na mwakani? Bajeti ya kamba na mipira ni ya nani? Mkataba wa kocha mkuu unaisha lini? Akiondoka, mara nyingi mrithi wake huja na msaidizi wake. Na lile swali ambalo vijana huona haya kuliuliza: mashine ya kufunga kamba ni ya chuo, au ni ya kocha mkuu? Ikiwa ni yake, siku akihama itapakiwa kwenye gari pamoja na viatu vyake, na raketi kumi zitabaki zinakusubiri wewe.

Mdau wa tenisi