Fungu la kujikinga na maafa lisiwe la msimu mmoja

Mhariri,

Bajeti ya maafa ikisomwa, tunasikia habari za malori, mahema na helikopta. Sina ugomvi navyo. Lakini nyumba ikizingirwa na maji usiku wa manane, anayefika kwanza ni jirani, na jirani huyo mara nyingi hana hata kamba. Kikosi cha uokoaji kitafika baadaye, barabara ikipitika.

Fedha za kumwandaa huyo jirani zikipatikana, huja kwa sura ya mradi: mafunzo, fulana, picha za pamoja, kisha mradi unafungwa. Kamati ya maafa inabakia na kipaza sauti kisicho na betri na machela iliyofungiwa stoo, na mwenye ufunguo alishahamishiwa kituo kingine. Waliofundishwa huduma ya kwanza, wengine wamehama, wengine wamesahau. Si lazima awepo mwizi. Inatosha kwamba hakuna aliyetenga fungu la betri.

Bangladesh ilijifunza kwa gharama kubwa. Novemba 1970, kabla haijawa nchi huru, kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 katika pwani yake. Miaka michache baadaye serikali na chama cha Hilali Nyekundu, wakati huo kikiitwa Msalaba Mwekundu, walikuwa na mpango wa pamoja wa watu wa kujitolea, ambao leo ni makumi ya maelfu, karibu nusu yao wanawake. Kazi yenyewe haina makuu: kupandisha bendera za tahadhari, kupita na kipaza sauti, kubisha hodi nyumba hadi nyumba, kumsaidia mzee afike kwenye jengo la kujihifadhi. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua zaidi ya watu 3,000 nchini humo. Amphan, mwaka 2020, kiliua makumi, baada ya zaidi ya watu milioni mbili kuhamishwa. Najua vimbunga havilingani nguvu, na kuta za kuzuia maji nazo zilisaidia. Ila jengo la kujihifadhi bila mtu wa kuwaamsha watu ni jengo tupu. Na mpango ule haukutelekezwa ulipoacha kuwa habari ya magazetini. Umeendelea kwa miongo mitano.

Wapo watakaosema fedha zikishushwa hadi kwenye kamati zitaliwa. Huenda. Lakini ni wapi zinakoliwa kwa urahisi zaidi kuliko kwenye ununuzi wa dharura, ambako taratibu za zabuni hulegezwa na hakuna mwenye muda wa kuuliza bei? Kipaza sauti cha kamati kila mtu anakijua, na hesabu zake zinaweza kubandikwa ubaoni zikasomwa na yeyote.

Ninachoomba ni fungu dogo la kudumu, liwekwe kwenye matumizi ya kawaida kama mishahara na dawa, lisitegemee huruma ya mfadhili. Linunue betri na mafuta ya boti, lirudie mafunzo, na ligharimie zoezi la kuhama kabla ya kila msimu wa hatari. Zoezi lenyewe lifanyike usiku pia. Haya ya saa nne asubuhi, mgeni rasmi akiwa jukwaani, hayamfundishi mtu kutafuta njia gizani.

Wabunge wanapojadili bajeti ijayo, wadai tarakimu mbili kando kwa kando: kiasi cha kununulia misaada baada ya maafa, na kiasi kilichofika kwenye kamati kabla yake. Waziri akishindwa kuitaja hiyo ya pili, fungu lake lirudishwe akaliandike upya.

Msomaji wako