Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Sanaa: Leta Muswada wa Waigizaji Bungeni

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za wenzangu wanaofanya kazi jukwaani na mbele ya kamera.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha masijala ya ofisi yako zilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala linafanyiwa kazi. Tuliamini, tukangoja. Kilichonifanya niache kungoja ni mkutano wa wiki iliyopita, ule uliotuita waigizaji na waongozaji tuzungumzie michezo iliyoko majukwaani hivi sasa na filamu mpya.

Wewe ulikuwepo, kwa hiyo haya nawaeleza wasiokuwepo. Mazungumzo yalikuwa mazuri mno. Mwongozaji mmoja alieleza alivyoondoa mandhari yote ya mchezo wake akabaki na kiti na taa moja, kwa kuwa fedha zilimwishia, na namna waigizaji walivyolazimika kuujaza ukumbi kwa miili na sauti zao tu. Binti mmoja chipukizi alisimulia tofauti ya kulia mbele ya kamera, ambako mwongozaji anaweza kusema turudie, na kulia jukwaani, ambako chozi likichelewa ndiyo basi. Ulitikisa kichwa kwa kuridhika, ukapiga makofi. Kisha mzee wetu, ambaye wengi wa waliokuwa mle ukumbini tulijifunza kazi hii kwa kumtazama, akaomba kipaza sauti. Swali lake lilikuwa moja: muswada wa haki za waigizaji uliotuahidi utafika lini bungeni? Mshereheshaji akasema muda umekwisha. Ukainuka, na msafara wako ukainuka. Mzee alibaki na kipaza sauti mkononi.

Mheshimiwa, mzee yule hakusimama ili aonekane. Filamu yake moja imewekwa mtandaoni katika lugha asiyoijua. Mdomo ni wake, sauti si yake, na maneno anayosemeshwa hajui maana yake. Alioneshwa na mjukuu wake kwenye simu. Hakuna aliyemwomba ruhusa, hakuna aliyemlipa, na kwa karatasi aliyotia sahihi hana pa kwenda kulalamika.

Nizungumzie hiyo karatasi, maana huenda hujawahi kuletewa mezani. Haiji siku ya kukubaliana. Huja asubuhi ya kwanza ya kurekodi, wakati mwigizaji ameshakaa kwenye kiti cha kupakwa vipodozi, gari limeshamleta, na kazi nyingine ameshaikataa. Inasema kwamba amekabidhi kila haki, kwa matumizi yote, dunia nzima, daima, katika vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa baadaye. Vitakavyobuniwa! Mtu anauza leo kitu ambacho hata mnunuzi hakijui bado. Akiuliza, anaambiwa kuna wenzake wanasubiri nafasi hiyo nje, na ni kweli wanasubiri.

Watayarishaji wana hoja yao, na waliitoa mbele yako katika kikao cha awali: fundi aliyejenga nyumba akishalipwa ujira wake hadai kodi ya wapangaji. Inasikika vizuri. Lakini nyumba haibebi uso wa fundi. Fundi hasimamishwi njiani na watu wakimwita kwa jina la nyumba. Akifa, nyumba haiendelei kucheka kwa kicheko chake. Anachouza mwigizaji hakitengani naye, na ndiyo maana hata mataifa yalilazimika kukaa na kulitafutia jambo hili sheria yake.

Na hapo ndipo chimbuko la balaa letu lilipo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulikuwa wa kwanza wa kimataifa kuwalinda watendaji wa sanaa. Ulimpa mwigizaji wa jukwaani kinga: onyesho lake lisirekodiwe wala kurushwa bila ridhaa yake. Lakini kifungu cha 19 kikasema kwamba akisharidhia kuingizwa kwenye filamu, kinga hiyo haimhusu tena. Yaani anapokubali kurekodiwa tu, anatoka nje ya mlango. Mwaka 1996 ukaja mkataba mwingine ukawanufaisha wenye kutumbuiza kwa sauti, waimbaji na wapiga ala. Wa picha tukaachwa. Mwaka 2000 mataifa yalikutana Geneva kulimaliza suala letu, wakashindwa kuafikiana juu ya nani ashike haki baada ya filamu kukamilika, mwigizaji au mtayarishaji. Ilichukua hadi tarehe 24 Juni 2012, huko Beijing, kupata mkataba unaomtambua mwigizaji wa filamu, nao ukaanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, nchi 30 zilipokwisha kujiunga.

Mkataba wa Beijing unasema nini? Kwamba mwigizaji atajwe jina, na awe na haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Kwamba ana haki juu ya kunakiliwa, kusambazwa na kuwekwa mtandaoni kwa uigizaji wake. Kwamba hata akimkabidhi mtayarishaji haki hizo, sheria ya nchi inaweza kumbakizia mrabaha au malipo ya haki kila kazi inapotumika. Inaweza, Mheshimiwa. Neno hilo limeachwa kwa kila nchi iamue, na kwetu wa kuanzisha uamuzi huo ni wewe.

Ulituahidi. Ulisimama mbele yetu ukasema, bila kulazimishwa na mtu, kwamba utapeleka bungeni azimio la kuridhia mkataba huo pamoja na muswada wa kuufanya uwe sheria ya nchi. Ulisema kabla ya bajeti. Bajeti ikapita. Ukasema baada ya kukusanya maoni ya wadau. Maoni yakakusanywa, mimi mwenyewe niliyatoa, nikajaza fomu, nikaacha nakala. Wiki iliyopita ndiyo tulitaraji kusikia tarehe.

Kwa nini imekwama, sina hakika. Nadhani vituo vya televisheni vimeshtuka kusikia kwamba filamu ikirudiwa kuna cha kulipa, na vina sauti kubwa kuliko yetu. Pengine wasaidizi wako wameambiwa kuwa wawekezaji wa majukwaa ya mtandaoni watakimbia. Au muswada umelala tu kwenye meza ya mtu anayeona kwamba uigizaji ni mchezo na wachezaji wanaweza kungoja. Kama nimekosea, nikosoe hadharani kama ninavyoandika hadharani, nitafurahi.

Lakini usiniambie kwamba kungoja hakuna gharama. Mwezi Machi 1960 waigizaji wa Hollywood waligoma, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, aliyekuja baadaye kuwa rais wa Marekani. Walitaka fungu lao kila filamu ya sinema inapouzwa kwa televisheni. Walishinda, ila kwa filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka ule. Kwa zile za miaka ya nyuma walipewa fedha za kuanzishia mfuko wa pensheni na matibabu, na haki ya kulipwa zikirudiwa kwenye televisheni wakaiachia. Waliocheza katika filamu hizo waliendelea kujitazama kwenye runinga bila kupata kitu. Hivyo ndivyo ucheleweshaji unavyokata watu. Mkataba wa Beijing nao una kifungu cha 19 chake, kinachoiruhusu nchi kutangaza kwamba itazilinda tu kazi zitakazofanyika baada ya kujiunga. Nakuomba sana usikitumie. Ukikitumia, mzee yule aliyebaki na kipaza sauti hatapata chochote, na kila filamu tuliyoizungumzia wiki iliyopita, zile mpya zote ulizozipigia makofi, itakuwa imeshapita.

Jukwaani hali si afadhali. Kwa karatasi tunalindwa, kwa vitendo hatulindwi. Tunafanya mazoezi wiki nyingi bila malipo yoyote, kisha tunaonyesha siku chache za mwisho wa juma, na tunacholipwa ni kinachobaki mlangoni baada ya ukumbi, taa na matangazo kuchukua chao. Mara nyingine hakibaki. Waigizaji wa New York waligoma Agosti 1919 wakafunga kumbi za Broadway, na mojawapo ya malalamiko yao makubwa lilikuwa hilihili la mazoezi yasiyolipwa. Zaidi ya miaka 100 imepita nami bado nafanya mazoezi kwa nauli yangu. Mchezo niliocheza mwisho ulirekodiwa kutoka roshani ya juu bila sisi kuambiwa, ukauzwa kwa kituo kimoja. Nilijiona nikiwa nyumbani, nikiwa nadaiwa kodi ya nyumba hiyohiyo niliyokuwa nimekaa ndani yake.

Katika mazoezi ya mchezo huo nilianguka kutoka kwenye ngazi ya mandhari, nikavunjika kifundo cha mkono. Hakukuwa na bima. Matibabu nililipiwa na waigizaji wenzangu waliochangishana, watu ambao nao hawakuwa wamelipwa. Nilirudi jukwaani mkono ukiwa kwenye plasta, mwongozaji akambadilisha mhusika wangu awe mwanamke aliyeumia, na watazamaji wakasifu ubunifu ule. Mwongozaji naye hana kitu, ieleweke hivyo. Wengi wanadhani waongozaji ni mabosi wetu. Ufaransa sheria ya mwaka 1957 ilimtambua mwongozaji kuwa mmoja wa watunzi wa filamu, mwenye haki zake. Mwongozaji wetu huyu akimaliza kuhariri hukabidhi filamu na kutoka mikono mitupu sawa na mimi, na ikikatwa vipande na kituo anasikia kwa watu.

Hukohuko Ufaransa, mwigizaji aliyefikisha saa 507 za kazi katika miezi 12 hupata fidia ya kukosa kazi, ili aishi kati ya mchezo mmoja na mwingine. Mwanzo niliandika ombi hilo pia katika barua hii. Nimelifuta. Nilikuwa nimeandika na la bima, na la ukumbi wa taifa, na la mazoezi kulipwa. Nayo nimeyaweka kando, si kwa sababu hayana uzito, bali kwa sababu nimejifunza kwamba nikikuletea maombi matano utajibu lile jepesi na kulitangaza.

Ninalo moja tu: muswada.

Uharaka wake umeongezeka tangu ulipotuahidi. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, kuanzia tarehe 14 Julai hadi tarehe 9 Novemba, na pamoja na malipo ya majukwaa ya mtandaoni walikuwa wanapigania jambo ambalo wazazi wetu wa kazi hii hawakuliota: kompyuta kuchukua sura na sauti ya mwigizaji na kumchezesha asipokuwepo. Walitoka na masharti kwamba lazima aombwe ridhaa na alipwe. Wao wana chama kinachoweza kusimamisha studio. Sisi tukigoma kesho, kesho kutwa wataletwa wengine, na baada ya hapo hawatahitajika hata hao. Karatasi yetu imeshasema vyombo vitakavyobuniwa. Vimebuniwa. Mzee wetu ameshasemeshwa lugha asiyoijua.

Sitaki kikao kingine, Mheshimiwa. Sitaki kamati ndogo wala semina ya kutujengea uwezo wa kuielewa hakimiliki; tunaielewa kwa kuikosa. Tukialikwa tena kuzungumzia michezo na filamu zetu tutakuja, kwa sababu tunazipenda na hatuchoki kuzieleza, ila swali la mzee litakuwa la kwanza kuulizwa, kabla hujapewa maua.

Peleka azimio la kuridhia bungeni, na muswada uende pamoja nalo. Nijibu kwa maandishi, na katika majibu hayo usiniandikie kwamba linafanyiwa kazi. Niandikie tarehe ambayo muswada utasomwa kwa mara ya kwanza.

Wako kwa heshima,

Mwigizaji wa jukwaa na filamu