Kuzima matangazo hakutulizi mtu

Mhariri,

Wanaodai kuzima matangazo ya moja kwa moja hutuliza wananchi, sidhani walikuwa Kisumu tarehe 30 Desemba 2007, siku matokeo ya urais wa Kenya yalipotangazwa. Mimi nilikuwa kwa kinyozi, Kondele, tumebanana mbele ya kiruninga cha inchi 14. Kule KICC, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura, vurugu zilizidi, wanahabari wakatolewa, kisha Bw Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akaonekana KBC, runinga ya taifa, akisoma kura: Kibaki 4,584,721, Raila 4,352,993. Hatujamaliza kubishana, Kibaki tayari anaapishwa Ikulu, giza likiingia. Hata kikao cha harusi huitishwa kwa notisi ndefu kuliko hiyo!

Jioni hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tukabaki na SMS. Kila ujumbe ulikuja na maiti zake, nasi tukaamini zote, kwani tungethibitishia wapi? Risasi za Kondele tulizisikia wenyewe. Za kwingine tuliletewa na simu, zikiwa zimeongezwa chumvi.

Juni 25, 2025, siku ya maandamano, agizo kama hilo lilirudi, hadi Mahakama Kuu ikalisimamisha. Wabunge waliweke hili wazi kisheria kabla ya uchaguzi wa 2027.

Fundi viatu,
Kisumu