Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bwawa Letu la Kuzuia Mafuriko

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Masika imepita na tuta limesimama. Tuliokesha vuli ya 2023, mvua za El Niño, tunajua maana yake. Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi niseme lile linalotugombanisha barazani: kwa nini bwawa liachwe tupu wakati bustani zinakauka?

Hili si lambo la kunyweshea ng'ombe. Kazi yake ni kupokea maji ya ghafla yanayoteremka kutoka Usambara, kuyashika, kisha kuyaachia kidogo kidogo kwa bomba la chini. Likijaa kabla ya mvua, mafuriko yatakaa wapi? Mwezi wa tatu tulikuta bomba limezibwa kwa viroba vya mchanga. Aliyeziba simtaji, na shida yake naielewa. Kiangazi cha Muheza hakina utani. Lakini vijana wanne walizibua usiku, maji yakiwa kifuani. (Wake zao walinipigia simu. Waliyoniambia hayaandikiki.)

Tuta la udongo hatari yake kubwa ni maji kupita juu yake. Yakipita, yanachimba mfereji, mfereji unapanuka, na bwawa zima linashuka kijijini kwa mkupuo. Ndiyo maana tulichonga utoro wa maji pembeni, maji ya ziada yapite huko. Nao mwaka huu nimeukuta umepandwa mihogo! Imeng'olewa, mwenyewe kachukua mihogo yake, yameisha.

Miche ya miembe iliyoota kwenye tuta tumeikata. Mizizi ikioza huacha matundu, na maji hayahitaji zaidi ya tundu. Ukoka ubaki. Mashimo ya panya tumeyafukia na kuyashindilia.

Chini ya tuta, upande wa minazi, pana unyevu. Maji yanayotoka ni maangavu, kwa hiyo tunayaangalia tu. Siku yakitoka na tope, ujue yanabeba udongo wa tuta; nipigieni hata saa nane usiku.

Kamati inapendekeza mambo mawili mpigie kura leo: ufunguo wa koki ya bomba ukae kwa watu wawili wa vitongoji tofauti, na wenye bustani wachimbiwe lambo lao kando, mbali na tuta, baada ya kuomba kibali Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Jumamosi tunafyeka, kila kaya ilete panga na jembe.