Kuhusu majani yaliyobaki shambani kwako

Colchester, Essex
10 Juni

Mpendwa Neema,

Salaam nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wanao wote. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Barua yako nimeipata, na tangu niisome sijatulia, kwa maana hayo unayoyaeleza kuhusu shamba lako la ngano huko West Kilimanjaro ndiyo ninayoyaona hapa kila msimu.

Unasema majani yamebaki yamesimama baada ya kupuliziwa dawa ya magugu, na kwamba muuzaji wa pembejeo amekushauri uzidishe kipimo. Nakusihi usifanye hivyo kabla hujaingia shambani ukaangalia kwa makini. Yakiwa yamenusurika kwa mistari, huenda kasoro iko kwenye bomba; yakinusurika yote, shuku maji au dawa yenyewe, kwani dawa bandia hazikosekani. Lakini ukikuta mche uliokauka kabisa, na shubiri moja kando yake mche wa aina ileile na umri uleule umesitawi, hapo una sababu ya kuhofia usugu, yaani majani yasiyouawa tena na dawa.

Hapa kwetu msumbufu ni nyasi ambayo wataalamu huiita Alopecurus myosuroides, yenye suke jembamba, jeusi-zambarau, linalochomoza juu ya ngano. Usugu wake uligunduliwa hapa Uingereza mwaka 1982, na Peldon, kijiji kisicho mbali na ninapokaa, ni miongoni mwa sehemu za kwanza ulikoonekana. Si kwamba dawa iliifundisha nyasi hiyo ustahimilivu; katika mamilioni ya miche ilikuwapo michache iliyozaliwa nao, na dawa, kwa kuwaua wenzake mwaka baada ya mwaka, ikaiachia shamba zima izae.

Katika miche mingine, sehemu ambayo dawa hujishika ndani ya mmea imebadilika umbo kidogo tu, basi dawa inapita bila kudhuru. Inayonitia hofu zaidi ni ile inayoivunjavunja dawa. Ngano yako, Neema, hainusuriki kwa bahati: ina vimeng'enya, yaani protini za ndani ya mmea, vinavyoisaga dawa kabla haijaiangamiza, nayo nyasi sugu imepata uwezo wa namna hiyohiyo. Ndiyo maana yaweza kustahimili hata dawa ambayo haijawahi kupulizwa katika shamba hilo, na ndiyo maana kununua chupa yenye jina jipya hakutoshi, hasa ikiwa kiini chake, yaani kemikali inayoua, ni cha kundi lilelile la dawa zinazoua kwa njia moja.

Wakulima wa Australia, wanaosumbuliwa na nyasi nyingine iitwayo Lolium rigidum, wana nafuu moja: nyasi yao hushikilia mbegu nyingi hadi mavuno, hivyo hutumia mashine za kuzisaga wakati wa kuvuna. Yetu hupukutisha nyingi kabla ya mavuno. Kwa hiyo tunalima kwa plau ili kuzizika chini, kwa kuwa huota zaidi zikiwa katika sentimita 5 za juu, na tunachelewa kupanda ngano ili nyingi ziote kwanza tuziue. Juma lililopita tulipita shambani kwa mstari, kila mmoja na gunia lake, tukang'oa mche mmoja mmoja. Mgongo unaniuma hadi sasa, lakini hakuna kazi ya msimu huu niliyoiona ya maana kuliko hiyo.

Wewe ng'oa yaliyobaki sasa, kabla hayajapukutisha mbegu, na msimu ujao sehemu hiyo panda maharage. Bakiza miche michache uliyoiwekea alama. Mbegu zake zikikomaa, zitie katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana zitaota ukungu, kisha uzipeleke kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian, Arusha, uwaombe ushauri wa kuzipima.

Niandikie pia maneno yaliyo kwenye lebo za dawa zote ulizotumia tangu uanze kulima shamba hilo, pamoja na miaka uliyozitumia. Nataka hasa kujua ni misimu mingapi umerudia kundi moja.

Rafiki yako akupendaye,
Yusufu