Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: chuo cha wikiendi kisiishie kwenye bango

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo, na kwa salamu ya huku kwetu, mwangaluka.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, naishi Kitangiri na ni karani wa mzigo pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa la kandokando ya ziwa. Yani gunia la dagaa likishuka naandika, likipimwa naandika, likipakiwa kwenye fuso naandika, na jioni bosi akitaka kujua nani kalipa na nani bado ananiuliza mimi. Fomu foo nilimaliza 2006 nikapata D nne ukitoa dini, ambazo kwa utaratibu wa NACTVET (wale wanaosimamia vyuo vya kati na vya ufundi) zinatosha kabisa kuanza astashahada, ila wakati ule nyumbani ilikuwa ni kula kwanza, kwa hiyo nikashuka mwaloni na daftari langu na mpaka leo nipo na daftari.

Naandika kuhusu vyuo vya wikiendi. Najua vyuo haviko chini yako, viko chini ya NACTVET na TCU ya vyuo vikuu na wizara, wala usinijibu hivyo maana nishajibiwa hivyo na watu watatu tayari. Wewe ndo unaweza kuwaita wakuu wa vyuo vyote vya mkoa huu wakae meza moja wakaja, mimi nikiwaita nani anakuja?

Mwaka juzi kuna chuo hapa mjini, sikitaji jina, kilitundika bango kubwa barabarani: SOMA WIKIENDI, ENDELEA NA KAZI YAKO. Jamani nililisoma lile bango nikiwa kwenye daladala nikalirudia kichwani mpaka nyumbani. Nikaweka hela miezi mitano, nikajiandikisha uhasibu ngazi ya nne. Kujiandikisha kwenyewe ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, kwa sababu ofisi ya admisheni haifunguliwi Jumamosi, nikamuaga bosi naenda hospitali. Kupata kontrol namba ya ada, Alhamisi. Bosi akaanza kuniuliza naumwa nini.

Jumamosi ya kwanza nimefika saa mbili kasoro, nimeoga mara mbili maana harufu ya dagaa haitoki kirahisi, mlango una kufuli. Tulikuwa kumi na mmoja tumekaa kwenye ngazi. Kulikuwa na nesi ametoka zamu ya usiku, alilala pale pale ameegemea ukuta na begi kifuani. Kulikuwa na kaka fundi umeme, mwalimu wa shule ya msingi katoka Magu na gari la alfajiri, na dada mmoja na mtoto mgongoni. Saa tatu na nusu mlinzi akatuambia lekchara ametuma ujumbe kwenye grupu la wasapu kwamba ana dharura. Grupu gani? Hakuna aliyetuunganisha, anayeunganisha watu kwenye grupu yuko kazini Jumatatu hadi Ijumaa.

Sitaki nionekane nalalamika tu, maana yalipoanza yale masomo yalikuwa matamu mheshimiwa. Siku tunafundishwa kuthamini stoku, lekchara anaeleza kwamba mali iliyoingia kwanza ihesabiwe imetoka kwanza, darasa kimya, vijana wawili waliotoka shule moja kwa moja wanakariri tu. Nikanyoosha mkono nikamwambia hiyo mbona ndo dagaa, gunia la wiki iliyopita ukiliacha nyuma ukauza la leo, utalikuta limegeuka rangi na linanuka mafuta na mteja wa Kongo anarudisha, kwa hiyo sisi la zamani linakaa mlangoni na jipya linaenda ukutani. Alicheka, akafuta ubaoni mfano wake wa viatu akaandika dagaa. Ile siku nilirudi Kitangiri kwa miguu na sikuchoka. Nilikuwa naijua hesabu hiyo miaka yote ila sikujua ina jina.

Kilichonitoa ni mtihani. Ratiba ya mitihani ya semista ikabandikwa, ya kwanza Jumanne saa mbili asubuhi, ya pili Jumatano, ya tatu Ijumaa. Tumesoma Jumamosi na Jumapili semista nzima halafu mtihani Jumanne! Tukaenda ofisini (kwa zamu, kila mtu kwa uongo wake kazini kwake), tukaambiwa ratiba ni moja kwa wanafunzi wote ili mtihani usivuje. Sawa, naelewa kuvuja. Ila Jumanne ndo siku tunapakia mzigo wa kwenda Kongo na karani asipokuwepo gari haliondoki. Nilikosa mmoja, nikapewa sapu, yani mtihani wa kurudia, nikalipia, na sapu nayo ikapangwa Alhamisi. Nikakaa kitandani usiku huo nikapiga hesabu ya ada iliyobaki na kazi ninayoweza kuipoteza, nikaacha. Yule nesi naye aliacha. Fundi umeme sijui, simu yake haipatikani.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii mheshimiwa, na kama hutasoma pengine soma hapa: kile hakikuwa chuo cha wikiendi, kilikuwa chuo cha Jumatatu hadi Ijumaa ambacho kimehamisha ubao tu kwenda Jumamosi. Ofisi, mhasibu, maktaba, mtihani, hata choo (ndiyo, choo kilikuwa kinafungwa Jumapili, tulikuwa tunaomba kwa mama lishe ng'ambo ya barabara), vyote vilibaki siku za kazi. Chuo kikitaka watu wazima kinatakiwa kihame chote. Mtu wa admisheni apumzike Jumatatu na Jumanne aje kazini Jumamosi na Jumapili, mtihani wa wanaosoma wikiendi utungwe mwingine wa kwao ufanyike wikiendi, na lekchara anayefundisha wikiendi alipwe kwa hizo saa asione ni kibarua cha kuhurumia watu. Lekchara wetu nilimuuliza, akaniambia amefundisha Jumatatu mpaka Ijumaa na Jumamosi yake inaitwa kujitolea. Hata mimi ningepata dharura.

Utasikia watu wanasema si kipo Chuo Kikuu Huria. Kipo, kimeundwa kwa sheria ya 1992 na kituo chake kipo hapa hapa Mwanza, nakiheshimu sana na kuna wenzangu wamesoma huko wakamaliza. Ila kujisomea mwenyewe saa nne usiku baada ya kutoka mwaloni, mtoto analia, bando limeisha, hiyo ni kazi ya watu wenye moyo wa chuma, wengine tunahitaji mtu mbele ya ubao na mwenzako pembeni wa kumnong'oneza umeelewa wewe? Wote tuwepo, wa mbali na wa darasani.

Na hilo neno wikiendi lenyewe naomba tuliangalie vizuri kabla watu hawajaanza kunakili ratiba za Dar. Huku kwetu wikiendi ya nani? Wasabato ni wengi sana kandokando ya ziwa hili, mwanzo wa Sabato ni Ijumaa jua likizama na mwisho ni Jumamosi jua likizama, sasa ukiweka masomo yote Jumamosi umewafungia nje kabla hawajachukua fomu. Wape Jumapili na jioni mbili za katikati ya wiki. Halafu kuna wavuvi wa dagaa. Wale hawana Jumamosi wala Jumapili, kalenda yao ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, inatakiwa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu kwa hiyo wanatia nanga wanapumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Hizo siku mwaloni unawaona vijana wamekaa wanacheza bao na karata, wana hela kidogo na muda mwingi. Chuo chenye akili kingepanga kozi fupi za kutunza hesabu, ufundi wa injini za boti, usindikaji wa samaki, zianguke kwenye mbalamwezi! Tarehe zinajulikana mwaka mzima, mwezi haujawahi kuahirisha. Najua mtu wa ratiba atashika kichwa, ila mbona sisi tunaoandika mizigo tunaifuata hiyo hiyo kalenda bila shida.

Na sio kitu kigeni huku. Kati ya 1968 na 1972 mikoa hii ya ziwa ndo ilikuwa na ule mradi wa UNESCO na UNDP wa kisomo cha watu wazima kinachoendana na kazi, makao yake yalikuwa hapa Mwanza, na vitabu vyake vilikuwa vya pamba, vya uvuvi, vya migomba, vya ng'ombe, yani mtu anajifunza herufi kwa kazi anayoifanya. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi yangu mzaa mama alisoma ngumbaru kule Kwimba, alikuwa anasema waliingia darasani alasiri baada ya kutoka shambani, na msimu wa kuvuna pamba darasa linasimama, pamba ikishauzwa wanarudi. Hakuna aliyemwambia bibi mtihani ni Jumanne wakati wa mavuno. Sasa leo ndo tuna kompyuta na simu janja tumeshindwa kupanga ratiba aliyoiweza mwalimu wa ngumbaru mwenye chaki na mwembe?

Sengerema nao usiwasahau. Zamani mtu wa Sengerema kuja kusoma mjini Jumamosi asubuhi alikuwa anategemea huruma ya kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la JPM limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, gari linapita dakika chache, kwa hiyo huyo sasa anaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo. Wa Ukerewe bado. Anakuja na meli ya Nansio au azunguke na kivuko cha Kisorya atokee Bunda, na jioni kurudi ni kazi, lazima alale, na gesti ya kila wikiendi inaimaliza ada. Mabweni ya shule za sekondari za hapa mjini yanakaa matupu likizo, na pale Nansio madarasa yenyewe Jumamosi yamefungwa yanaliwa na popo, lekchara mmoja akivuka kwenda kule ni nafuu kuliko wanafunzi ishirini kuvuka kuja huku. Hili linahitaji barua moja tu kutoka ofisini kwako kwenda kwa wakurugenzi wa halmashauri.

La watoto nitalisema haraka kwa sababu wanaume wakilisikia wanaona ni dogo. Yule dada wa mtoto mgongoni alikuwa amekatishwa shule kwa mimba, mwaka 2021 serikali ilipofungua mlango warudi shule yeye alishakuwa mtu mzima, njia yake ni hii ya kwetu. Alikuwa anasimama nyuma ya darasa anambembeleza mtoto huku anaandika notsi kwenye kiganja. Chumba kimoja, mkeka, na mama mmoja wa kulipwa na sisi wenyewe kwa kuchanga. Chumba tu.

Na ujuzi wetu upimwe. VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi wa mtaani anapimwa anapewa cheti bila kuanzishwa upya kama mtoto. TCU nao wana ule mlango wa RPL, yani kutambua ulichojifunza nje ya darasa, kwa anayetaka digrii bila kupita fomu siksi. Mimi nilikalishwa wiki tatu nafundishwa risiti ni nini. Nimeandika risiti tangu 2007! Wangenipima siku ya kwanza, wakaona ninachojua na nisichojua (kodi sijui, na kompyuta nagusa kwa kidole kimoja), wakanifundisha hayo mawili, mwaka ungetosha. Na ada waikate vipande vidogo, kwa mwezi au hata kwa somo, maana hela ya mwaloni haiji kwa semista, giza likiwa zuri ipo, likiwa baya tunakopa unga.

Ninachokuomba sio jengo jipya wala uzinduzi wenye maturubai. Ni kikao kimoja, wakuu wa vyuo, maofisa elimu ya watu wazima wa wilaya, na viti vichache vya sisi tulioacha, uwaulize kila mmoja swali moja mbele yetu: Jumapili saa tano asubuhi, kwenye chuo chako, mwanafunzi anaweza kulipa ada, kuazima kitabu, kufanya mtihani na kukojoa? Anayejibu ndiyo kwa yote manne, huyo apewe ruhusa ya kutundika bango.

Nikiitwa nitakuja na daftari langu na yule dada nitamtafuta tuje wote. Ila naomba isiwe Jumanne, tunapakia.

Karani wa mzigo,
Mwaloni, Kirumba