Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Marekani: Fedha za kufungua shule zije kabla shule haijafunguliwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshatumwa wizarani kwako. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu wazazi ninaowasemea wanasoma Kiswahili, na ni haki yao kujua nimesema nini kwa jina lao.

Mimi ni mzazi, naishi Clarkston, mji mdogo ulio nje kidogo ya Atlanta, jimbo la Georgia. Nilikulia katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Darasa langu la kwanza lilikuwa chini ya mti, na mwalimu alikuwa jirani yetu aliyekubali kufundisha kabla hajajua nani atamlipa. Nalitaja hili ujue kwamba kuanzisha shule si jambo geni kwa watu wangu. Wameshalifanya wakiwa hawana hata bati.

Sasa nikueleze kwa nini tunataka kulifanya tena. Mama mmoja wa kikundi chetu, mzaliwa wa mji wa Baraka kule Kongo, alipokea barua kutoka shule anakosoma binti yake wa darasa la tatu. Ilikuwa imetafsiriwa na mashine. Ilisema: "Mtoto wako atakuwa na safari ya shamba Alhamisi. Tafadhali saini na urudi." Mama akaisoma mara mbili. Alhamisi akamvalisha binti mabuti ya mvua na suruali kuukuu, akamwekea na kofia ya kujikinga na jua. Kumbe darasa lilikuwa linakwenda makumbusho: kwa Kiingereza ziara ya masomo huitwa "field trip", na mashine ikalitafsiri "field" kuwa shamba. Kuhusu "saini na urudi", iliyokusudiwa kuwa "saini na uirudishe karatasi", alielewa kwamba ni yeye anayetakiwa kurudi shuleni, akapanga kwenda Ijumaa baada ya zamu yake ya usiku. Karatasi ikawa haijasainiwa. Mtoto akabaki ofisini na mabuti yake mpaka saa tisa alasiri, wenzake walipoteremka kwenye basi.

Alitusimulia haya Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, ile barua iko mkononi, imekunjwa mara nne. Hakuna aliyecheka. Karibu kila mzazi pale alikuwa na barua yake.

Tunachokusudia ni shule ya msingi ya umma yenye mkataba, zile ambazo hapa huitwa charter, ambamo watoto watasoma kwa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, na barua inayokwenda nyumbani itaandikwa na mtu anayesalimiana na mama huyo dukani. Kwa wasomaji walio mbali: shule hizi hazitozi ada. Zinaendeshwa kwa fedha za umma chini ya mkataba na mamlaka iliyopewa uwezo huo kisheria, na watoto wakizidi nafasi, hupigwa bahati nasibu. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Hapa kwetu hatuanzi kwenye giza pia. International Community School ilifunguliwa mwaka 2002 katika kaunti yetu hii ya DeKalb, ikiwakalisha watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji dawati moja. Najua wapo wanaozipinga shule za aina hii kwa kuona zinazipunguzia wilaya fedha. Mjadala huo ni halali, na watoto wetu wengi wako katika shule za kawaida za wilaya na watabaki huko. Leo siuingii.

Ninachokuletea ni jambo moja: fedha za ruzuku zinafika lini.

Jimbo humlipia kila mtoto aliyeandikishwa. Mtoto akishakaa darasani, fedha zinamfuata. Lakini kabla hajakaa, lazima mkuu wa shule awe ameajiriwa, walimu wamefundishwa, vitabu vimenunuliwa, mabasi yamepatikana, wazazi wametembelewa mlango kwa mlango. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima au zaidi, na katika muda huo hakuna senti inayoingia kwa sababu hakuna mtoto. Bunge la nchi hii lililiona pengo hilo tangu 1994 lilipoanzisha programu ya ruzuku kwa shule za mkataba. Kwa miaka kadhaa programu hiyo ilikuwa ikipewa dola milioni 440 kwa mwaka, na mwaka 2025 ikapandishwa hadi milioni 500. Sheria inamruhusu mwanzilishi kupewa ruzuku ya hadi miaka 5, na ndani yake hadi miezi 18 ya kupanga na kuandaa. Inakataza kujenga majengo, lakini inaruhusu mafunzo, vifaa, ukarabati mdogo, hata gharama za mwanzo za usafiri. Anayeisoma anaona wazi kwamba aliyeiandika alikuwa anamfikiria mtu wa kuanza na sifuri.

Kuomba kwenyewe sikulalamikii. Kama jimbo lina ruzuku ya programu hii, mwanzilishi anaomba jimboni. Kama halina, anaomba wizarani moja kwa moja. Kuna usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali kuu, wa kupata nambari ya utambulisho, ambao ni bure (ndugu zangu, yeyote anayewadai hela ya usajili huo msimpe). Kuna kurasa nyingi za kueleza mtaala, bajeti, ushahidi kwamba wazazi wanaitaka shule, kisha maombi yanayokwenda wizarani yanatumwa kabla ya saa tano na dakika 59 usiku kwa saa za Washington, na wasomaji kutoka nje ya wizara wanatoa alama. Ni kazi ngumu na inafaa iwe ngumu. Ni fedha za walipa kodi, na sisi nasi ni walipa kodi. Kuandika tutaandika.

Tunachoogopa ni siku ya kushinda.

Wenzetu wa jimbo jingine, ambalo sitalitaja wala ofisi yao sitaitaja, walishinda. Walipiga vigelegele. Kisha wakaelezwa utaratibu: nunueni, lipeni, leteni risiti na uthibitisho kwamba hela imetoka benki, tutakagua, halafu tutawarudishia. Mwanzilishi wao ni mwalimu. Kompyuta za watoto alizinunua kwa kadi zake tatu za mkopo. Msaidizi wake wa ofisi alifanya kazi miezi miwili bila mshahara, kwa sababu mshahara haurudishwi mpaka uwe umeshalipwa. Risiti moja ilirudishwa kwao kwa kuwa ilikuwa na jina lake badala ya jina la shule, na ingewezaje kuwa na jina la shule wakati kadi ni yake? Fedha zilikuja mwishowe, zote. Riba ya zile kadi haikuja, kwa sababu kanuni za ruzuku haziruhusu riba ya mkopo wa namna hiyo kudaiwa. Riba hiyo aliilipa yeye kutoka mfukoni.

Mheshimiwa, fikiria nani anaweza kupita kwenye mlango huo. Taasisi yenye shule kumi inayotaka kufungua ya kumi na moja itapita, kwani ina akiba, ina benki inayoifahamu, ina mhasibu wa kudumu. Siiombei mabaya, shule nyingine za aina hiyo ni nzuri sana. Lakini kikundi cha wazazi wanaochinja kuku viwandani usiku na kukutana kanisani Jumamosi hakitapita, hata kama maombi yake yamepata alama za juu kuliko zote. Ruzuku ya kuanzia imegeuka kuwa ya mtu ambaye ameshaanza.

Na jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba kanuni zenyewe za serikali kuu hazisemi hivyo. Kifungu cha 200.305 cha kanuni za ruzuku kinasema mpokeaji, hata yule anayepokea kupitia jimbo, alipwe mapema, mradi awe na taratibu za maandishi za kuhakikisha fedha hazikai muda mrefu kabla ya kutumika, na mfumo wa hesabu unaoeleweka, au aonyeshe nia ya kuwa navyo. Utaratibu wa kurudishiwa umewekwa kwa pale masharti hayo yasipotimia, au kwa sababu nyingine zilizotajwa humo. Kifungu hicho kimemkumbuka hata asiyetimiza masharti na hana mtaji: anaweza kupewa fedha za kipindi cha mwanzo ajiendeshe, kisha ndipo aingie kwenye kurudishiwa. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba iliyopo ifuatwe.

Nitajibiwa kwamba fedha zimewahi kupotea. Ni kweli. Zimeandikwa taarifa za shule zilizopata ruzuku hii zikafunga mapema, na nyingine ambazo hazikufunguliwa kabisa. Sisi wazazi ndio tunaoumia kwanza shule ikifungwa katikati ya mwaka, wala hatuombi macho yafumbwe. Lakini mwizi mwenye mtaji hazuiwi na utaratibu wa kurudishiwa. Anatumia, analeta risiti, analipwa. Anayezuiwa ni mwaminifu asiye na mtaji.

Na uaminifu wa hesabu tunao, ila haujawahi kuandikwa kwa lugha ya wakaguzi. Kwetu harusi ina kamati. Kamati ina mweka hazina. Mpishi hapiki pilau ya watu mia nne kwa hela yake halafu akadai. Anapewa fedha ya mchele na nyama wiki hiyo, analeta risiti na chenji, na akipungukiwa hata hela ya vitunguu inasemwa mbele ya kikao. Fedha inatoka kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda. Hicho ndicho kifungu chenu cha 200.305, watu wetu wamekiishi tangu zamani.

Akina mama wa kikundi chetu wana likelemba, ule mchezo ambao Tanzania huitwa upatu. Ada ya kuomba hadhi ya taasisi isiyo ya kibiashara kwa mamlaka ya kodi ni dola 600, na sisi hatukuwa nazo. Mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika alisimama akasema zamu yake iende kwenye shule. Alikuwa akiingojea hela hiyo kwa ajili ya gari lake, ambalo lilikuwa bovu wiki ya tatu. Mweka hazina aliandika katika daftari la hesabu, lile la miraba: tarehe, jina, dola 600, sababu. Kisha akamgeuzia asaini. Akasaini taratibu, akikandamiza kalamu, kama anavyosaini mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Daftari hilo lina miaka sita ya maandishi ya namna hiyo na hakuna mstari uliofutwa. Nitalileta Washington ukitaka kuliona.

Kwa hiyo tunakuomba uyaandikie majimbo yote yanayopokea ruzuku hii, uyakumbushe kwamba kulipa mapema ndiyo kanuni na kurudishia ni hali ya kipekee, na jimbo linalomlazimisha mwanzilishi mdogo kutumia kwanza lieleze kwa maandishi ni sharti gani ameshindwa kulitimiza. Fedha zitolewe kwa mafungu ya mwezi mmoja mmoja, na fungu linalofuata lisitoke mpaka risiti za lililotangulia zimefika. Hilo tutalipokea kwa mikono miwili.

Pia kuna asilimia 7. Sheria inalitaka jimbo litenge angalau kiasi hicho cha ruzuku yake kwa ajili ya msaada wa kitaalamu kwa waombaji na kuboresha kazi ya mamlaka zinazotoa mikataba. Angalau asilimia 90 inakwenda shuleni, na uendeshaji hauzidishi 3. Ninavyoona, msaada huo mara nyingi huwa semina ya mtandaoni ya saa moja, kwa Kiingereza, adhuhuri ya siku ya kazi. Sehemu yake imlipe mhasibu akae na vikundi kama chetu kwa miezi mitatu, jioni au Jumamosi, awasaidie kuligeuza daftari la miraba kuwa mfumo wa hesabu ambao mkaguzi ataukubali. Baada ya hapo jimbo halitakuwa na sababu ya kusema hatuko tayari kulipwa mapema. Na ushahidi wa wazazi, zile fomu za nia ya kuandikisha watoto, upokelewe katika lugha aliyoandikia mzazi pamoja na tafsiri. Fomu zetu zimeandikwa Kiswahili kwa mkono, na baadhi wameongeza maneno nyuma ya karatasi. Mmoja ameandika, "Nataka mtoto wangu aweze kuongea na bibi yake kwa simu." Sijui kisanduku gani cha maombi kinapokea sentensi hiyo, lakini hatutaiacha nje.

Tunakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi, katika ukumbi ule ule wa kanisa. Mtu wa ofisi yako akija tutampatia mkalimani na chai, na mweka hazina atakuwa amekuja na daftari.

Kwa heshima,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya waanzilishi,
Clarkston, Georgia